Mwenyewe na Usingizi Wake wa Mchana

Nianze na beseni. Lilikuwa beseni la chuma la kuogea, jeupe ndani kama yai, na miguu yake ilichongwa mfano wa nyayo za simba. Wapagazi walilibeba kutoka Moshi hadi bomani Arusha kwa sababu Bwana Mkubwa wa Kijerumani alikuwa amechoka kuoga kwa kopo. Wakati huo nilikuwa msichana aliyevunja ungo juzi tu. Tulikaa karibu na boma, kwenye mtaa wa Waswahili, ambako baba aliuza vitambaa vya kaniki na marekani, na mama aliuza vitumbua.

Mvua ikawakuta wapagazi mbele ya kibanda chetu. Si mvua ya kusimulia hivi hivi. Ni ile ya Arusha inayoteremka mlimani kama imetumwa kupiga mtu. Wale wanaume wakatazamana, wakalipindua beseni, wakaingia wote chini yake. Basi tukaona beseni likitembea barabarani, miguu ya simba ikiangalia mawinguni na miguu ya watu ikikimbia chini. Mama alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Lilipofika usawa wetu, kichwa kimoja kikachungulia, kikasema, "Shikamoo, mama," kisha kikarudi ndani kama cha kobe.

Mama akasema, "Mtu anayekumbuka kuamkia akiwa chini ya beseni, huyo kalelewa."

Ndiye aliyekuja kunioa. Alikuwa Mmeru wa Maji ya Chai, Kiswahili na salamu zake amevipata kwa kuhangaika mjini. Baba alitaka asilimu kwanza, akasilimu, akapewa jina, na jina lile alilivaa vizuri mpaka tulipofika Tengeru. Kuanzia Tengeru kila tuliyekutana naye alimwita jina lake la zamani, naye akaitika, na mimi nikaacha kushindana.

Sisemi haya kumsifu mume wangu, Mungu amrehemu, ingawa sifa anazistahili. Nasema ili ijulikane kwamba nilifika ukweni nikiwa na kitu kimoja tu ninachokijua kwa hakika, nacho ni adabu. Kusoma sikusoma, herufi nimezijua ukubwani, na mpaka leo nyingine zinanichenga. Kulima sikujua, jembe nililishika kama mwiko. Ndizi za kupika sikujua kuzimenya, utomvu ulinishika mikono mpaka mama mkwe akaniuliza kama nimepaka gundi makusudi ili nisifanye kazi. Lakini kuamkia, hapo nilikuwa fundi.

Na mtu wa kwanza niliyemwamkia kule alikuwa Mwenyewe.

Alikuwa amekaa ndani ya mfereji. Si ukingoni, ndani kabisa, maji yanampita kiunoni, anakula ndizi mbivu na kuachia maganda yaende na maji kwa walio chini. Mwanamke mtu mzima, mnene wa nyonga, mwembamba wa mabega, meno ya kahawia kama ya watu wote wa huko, maana maji yale yana rangi ya chai na meno hayasalimiki. Mimi ndiye niliyekuwa na meno meupe peke yangu, na watoto walikuwa wakija kuniomba nicheke wayaone. Basi nikatua mzigo, nikapiga goti kwenye tope, nikasema, "Shikamoo, bibi."

Wanawake waliokuwa wakichota maji wakageuka wote kunitazama.

"Kasema nini huyu?" yule wa mferejini akamuuliza mume wangu.

"Anakuamkia, Mwenyewe. Kwao ni kama kusema nashika miguu yako."

Akaitoa miguu majini, akaitazama, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa na nyufa kama udongo wa kiangazi. "Hii?"

"Hiyo hiyo."

"Mwambie arudie."

Nikarudia. Akapiga mwayo mrefu, mdomo wazi mpaka nikaona koo, macho yakamlegea, na kama mume wangu asingemshika bega angelala pale pale na kuziba maji ya watu.

Jioni mama mkwe ndiye aliyenieleza. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini hakuna neno lake lililopotea njiani. "Wewe Mswahili," alisema, "yule si bibi wa mtu. Yule ndiye Mwenyewe. Mlima wake, maji yake, migomba yake, mimba zake. Anakaa hapa kwa sababu kila mtu lazima akae mahali. Na usimsifu tena. Sifa zinamlaza."

Sikuamini. Nani angeamini? Baba yangu alikuwa mtu wa msikiti. Lakini ukikaa na mtu mwaka mzima unaamini unachokiona, kisha unaanza kuamini na usichokiona, na mimi sikupata siku ya kusema kuanzia leo naamini. Nilizoea tu, kama nilivyozoea baridi.

Walivyosimulia ni hivi. Mlima zamani ulikuwa mzima, umefunikwa kama chungu. Mwenyewe alikuwa ndani. Akapata uchungu, akajikaza, akapiga teke upande wa mashariki, na ndiyo maana mpaka leo mlima ule upande huo umebomoka, ukisimama Momela unauona tumbo wazi. Chupa yake ilipasuka kwa nguvu, maji yakatapakaa bondeni, ndiyo yale maziwa ya Momela, na ndiyo sababu yana chumvi na hayanyweki, maana si maji ya kunywa yale, ni maji ya uzazi. Alichozaa siku hiyo ndicho watu walichobishania. Mama mkwe alisema alizaa Wameru. Mume wangu alisema alizaa mgomba wa kwanza, mshare. Nilipomuuliza mhusika, alisema, "Nyani," kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Nilizaa mara moja tu," aliniambia siku nyingine, "na mnaona wenyewe nilivyobomoa. Sirudii."

Wale watu wa kwanza walifurahi mno. Wakakaa kumwimbia, mama wa neema, mama wa majani, mama wa hivi na hivi. Akasinzia. Akalala misimu kadhaa, mbegu zikaozea ardhini. Mpaka mwanamke mmoja mwenye njaa, mtoto mgongoni, akaenda mpaka sikioni kwake akamtukana matusi ya nguoni. Akaamka, mvua ikanyesha. Tangu hapo ikawa desturi. Ukitaka mtoto, ukitaka mahindi, ukitaka ng'ombe ashike mimba, unakwenda alfajiri mlangoni kwa Mwenyewe unamtukana. Tena kwa sauti, majirani wasikie. Matusi yenyewe yalitungwa vizuri, yana mpangilio, na kila mama aliwarithisha binti zake kama wengine wanavyorithisha shanga.

Mama mkwe alikuwa bingwa. Msimu wa kupanda watu walitoka mpaka Momela kuja kumsikiliza. "Wewe pipa lisilo na kifuniko!" alianza hivyo. "Wewe uliyekalia mvua kama kuku aliyekalia mayai viza! Shangazi zako walikuwa vyura, na vyura wenyewe walikukana! Hebu inuka hapo, tako lako limeziba mto!" Na Mwenyewe ndani anaitikia, "Enhe. Enhe. Endelea." Kisha anatoka, anajinyoosha, amechangamka kama mtu aliyekunywa uji wa moto, anapita mashambani. Jioni wingu linakaa mlimani.

Huyo ndiye jirani yangu. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na migomba tu.

Sasa, watu wakisikia habari ya mtu kama huyo hudhani alikuwa mpole na harufu yake ya maua. Alinuka moshi na ugoro. Kuku wake walitaga hawakuatamia. Bustani yake ya jikoni ilikuwa aibu, mchicha umenyauka, maboga yana funza, na nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Wewe baba yako muuza nguo, mbona ulikuja na kanga iliyotoboka?" Mayai ya watu aliiba. Ukimkamata nayo mkononi alisema yameanguka kutoka kwa ndege.

Watoto wachanga waliletwa kwake wakiwa bado wanachuruzika, na alijua kuwapokea vizuri, anawanusa utosini, anafumba macho. Lakini mtoto akianza kulia tu, alimrudisha haraka kama mtu aliyeshika chungu cha moto. "Chukua, chukua. Mimi kazi yangu imeishia mlangoni."

Na kulikuwa na taabu ya kuota. Alipokaa, pakaota. Unaweza kudhani ni baraka, na shambani ni kweli, lakini nyumbani ilikuwa balaa. Alikaa kwenye gunia la maharage ya mama mkwe kwa muda wa kuvuta ugoro, maharage yote yakachipua, tukala mimea kama mbuzi. Kigoda chake kilikuwa na majani. Fimbo ya babu wa jirani aliiazima kuvukia mfereji, akairudisha ina matawi, na yule mzee akalazimika kuipogoa kila asubuhi. Ndiyo maana wanawake walimpokelea nje: "Karibu, Mwenyewe, lakini kaa huko huko, wewe boga!" Mimi nilimtafutia jiwe bapa, nikaliweka barazani kivulini, likawa lake. Likaota kuvu tu.

Askari wa boma walipita siku moja kutafuta watu wa kwenda kufyeka barabara kwa nguvu. Wanaume walikuwa wamekimbilia msituni, wakatukuta wanawake na Mwenyewe. Mkubwa wao, mtu mmoja mwenye masharubu, alimwambia asimame. Hakusimama. Alimwomba bunduki. "Nione uzito wake." Sijui kwa nini yule askari alimpa, nafikiri alidhani ni mwanamke punguani na alitaka kuchekesha wenzake. Mwenyewe akaipakata kama mtoto, akaipapasa kwenye ule ubao wa kitako, akairudisha. Wakaondoka bila mtu. Baada ya siku chache habari zikaja kutoka bomani kwamba bunduki imeota majani madogo mawili, askari anayang'oa asubuhi, jioni yamerudi, na Bwana Mkubwa amemtia ndani kwa kosa la kutosafisha silaha. Tulicheka sana. Mwenyewe hakucheka. "Ule ubao ulikuwa mti mzuri," alisema. "Wameupa kazi ambayo haukuiomba."

Kulikuwa pia na Mzungu wa kahawa, upande wa juu kidogo, ambaye kahawa yake haikutoa maua. Nyapara wake, mtu wa kwetu, alimshauri akamtukane Mwenyewe. Akaja na farasi. Akatukana kwa Kijerumani, akatukana kwa Kiswahili, akapiga buti chini. Wanawake walisimama kumsikiliza, na lazima niseme kwamba hakuwa mbaya, alikuwa na pumzi. Mwenyewe aliendelea kusuka ukindu.

Alipoondoka nikamuuliza, "Hukumsikia, bibi?"

"Nani?"

"Huyu aliyekuwa anakutukana hapa."

"Yule? Yule anatukana kama mtu anayekohoa. Ametukana mbwa wake, ametukana farasi, ametukana wapishi. Sasa mimi nijue vipi kuwa ni mimi?" Akaweka ukindu chini. "Tusi ni la mtu unayemhitaji. Mama mkwe wako akinitukana najua ameamka na mimi moyoni."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake, alikuwa nayo mengi. Alipenda kusema, "Mbegu haina adabu, ingekuwa na adabu ingebaki mfukoni." Hili alilisema hasa kwangu. Na mtu akimlalamikia kwamba nyasi zimeingia kwenye mtama, alijibu, "Nyasi nazo zina mama."

Lazima niseme na la huzuni, maana si yote yalikuwa kicheko. Jirani yetu mmoja alifiwa na mtoto wake wa kiume, homa ya mvua, mtoto anayetembea tayari. Mwenyewe alikuja msibani. Yule mama akachukua mwiko akampiga nao, kichwani, mabegani, mgongoni, na hakuna aliyemzuia. Mwenyewe alisimama wima mpaka yule mama alipochoka. Hakusema kazi yangu imeishia mlangoni. Alikaa naye siku zote za matanga, nje kwenye mvua, na pale alipokaa hapakuota kitu.

Sasa kwangu alikuwa anafuata nini? Alikuwa anafuata usingizi.

Kila mchana, jua likishapita utosi, namwona anakuja kati ya migomba, macho mekundu. Alfajiri ametukanwa na huyu, asubuhi ametukanwa na yule, masikio yanamlia. Anakaa kwenye jiwe lake, nampa kiazi kitamu cha majivuni, anapuliza, anakula na maganda. Kisha anasema, "Haya. Niamkie."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Neno hilo nilimfundisha mimi, na alilitamka kama kitu cha kutafuna. "Tena."

"Shikamoo, bibi yangu. Umeshindaje? Za nyumbani? Miguu haikuumi?"

"Aaah," anasema, na kichwa kinaanguka kifuani. Nami namfunika kaniki, naendelea kupeta mtama polepole nisimwamshe. Wakati amelala mbele yangu, majani ya migomba yalitulia yote, hata ndege walipunguza sauti. Hakuna mtu mwingine katika nchi ile aliyempa kitu hicho. Nilimpenda. Nasema wazi, nilimpenda kuliko watu wengi wa damu yangu.

Lakini miaka ilipita na mimi sikushika mimba.

Mama mkwe alivumilia mwanzoni. Kisha akaanza kunipikia mizizi. Kisha akaacha mizizi akaanza kusema. "Wewe unaishi na mto mlangoni, unakufa kiu. Mtukane!"

"Mama, siwezi. Ni mtu mzima."

"Ndiyo maana unamtukana! Mtoto ana nini cha kutukaniwa?"

Akanifundisha. Tulikaa jikoni, yeye anatukana, mimi narudia. Akanipeleka alfajiri, wanawake wote wa mfereji ule wakaja, hata wagonjwa walikuja, maana Mswahili wa meno meupe atatukana leo. Nikasimama mlangoni. Mwenyewe akatoka kabisa, hakusubiri ndani, akasimama mbele yangu ameegemea mwimo, anatabasamu.

Nikafungua mdomo. "Bibi," nikasema, "samahani. Wewe ni... tabia zako si nzuri sana."

Mtu mmoja nyuma yangu akaanguka kwa kicheko.

"Mwongezee chumvi!" mama mkwe akapiga kelele. "Mwambie boga!"

"Wewe ni boga," nikasema. Halafu ulimi wangu, ulivyolelewa na mama yangu, ukaongeza wenyewe, "kwa heshima zako."

Mwenyewe akapiga mwayo. Machozi yalinitoka, na yeye akanifuta kwa kiganja chake cha nyufa, akasema kwa sauti ya chini, "Acha, binti. Hukuumbwa kwa hii." Mama mkwe alisonya njia nzima kurudi nyumbani.

Basi nikaendelea kungoja. Nilijiambia kwamba hakuna haja ya kutukana mtu anayelala barazani kwako. Anakuona kila siku. Analijua tumbo lako kama anavyojua jiwe lake. Iko siku ataamka kutoka usingizini, aseme, binti, nilisahau lako, hili hapa. Nilingoja hivyo kila mchana kwa muda wa kupeta mtama.

Kisha vita vikaja, vya Wajerumani na Waingereza. Wapagazi wakatakiwa tena, safari hii si kwa beseni. Mume wangu alichukuliwa, akapelekwa na mizigo upande wa Kilimanjaro, akarudi amekonda, anatetemeka kwa homa, na boma likasema akipona arudi. Mama mkwe alikaa karibu na kitanda chake, akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakufoka.

"Mke wa mwanangu," alisema, "vita haimngojei mtu azae. Nimezungumza na watu wa bondeni. Wana binti. Kesho kutwa namleta. Huna ubaya na mimi, na mimi sina ubaya nawe. Lakini nikibaki bila hata mtoto wake mmoja, nitakuwa nimezaa bure."

Nilimwambia, "Nipe mpaka siku hiyo, mama."

"Muda huo unao."

Watu wanaposikia habari hii huniuliza kama nchi ilikauka baada ya Mwenyewe kuondoka. Haikukauka. Mvua zilikuja na kwenda kama kawaida, mara nyingi mno, mara chache mno. Migomba imezaa. Wanawake wamezaa, wengi wao hawajui hata kulikuwa na tusi la kuombea mtoto. Wengine sasa wanakwenda kanisani na wengine kwetu msikitini, wanaomba kwa sauti nzuri, na wanapewa au hawapewi. Sijui hiyo inasema nini juu yake. Nilichotaka kusimulia ni ule mchana wa mwisho tu.

Alikuja kama kawaida. Mama mkwe alikuwa ameshaondoka asubuhi kwenda bondeni kumfuata binti. Mume wangu amelala ndani. Mwenyewe akakaa kwenye jiwe, akala kiazi, akapangusa mikono kwenye magoti.

"Haya. Niamkie."

"Leo hapana, bibi. Leo sikuamkii na sikutukani. Nakuuliza kama jirani. Mtoto wangu yuko wapi?"

Hakupiga mwayo. Alinitazama, na sikuwa nimewahi kumwona akiwa macho kiasi kile, hata baada ya matusi ya mama mkwe.

"Hayupo," akasema.

"Hayupo bado?"

"Hayupo. Mimi kwa kila mwanamke huona ndani, kama unavyoona chini ya mfereji maji yakitulia. Kwako niliona mchanga. Mchanga safi, mzuri, hauna kitu."

"Na wale wanaokutukana?"

"Wale wana kitu. Wananiamsha, nafungua mlango, kinatoka. Mimi siongezi, binti. Watu wanadhani naongeza."

Nikaweka ungo chini. "Umejua lini?"

"Siku ile ulipopiga goti kwenye tope."

"Siku ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Na miaka yote hii unakuja hapa. Unakula viazi vyangu."

"Viazi vyako vitamu," akasema, na akatazama pembeni kama mtu aliyeshikwa na mayai ya watu. "Ningekuambia, ungeacha kuniamkia."

Yale matusi ya mama mkwe yote yalinijia. Naapa yalikuja yenyewe, yamepangwa vizuri, pipa, kuku, vyura, kila moja mahali pake, na sauti nilikuwa nayo. Nafikiri aliyaona yanakuja, kwa sababu alijiweka sawa kwenye jiwe na uso wake ukachangamka, akawa anangoja. Lakini tusi kule lilikuwa ombi, na mimi sikuwa na ombi tena.

"Bibi," nikamwambia, "nakuomba uende. Nyumba inataka kufagiliwa. Tuna mgeni."

"Kesho nije saa hizi?"

Hakuwahi kuuliza. Mahali popote, kwa mtu yeyote, hakuwahi kuuliza kama aje.

"Usije, bibi. Tafadhali."

Alikaa kidogo. Nadhani alikuwa analitafuna lile neno la mwisho, lile tafadhali, maana hakuna aliyewahi kumwambia. Alikuwa amefukuzwa kwa mwiko, amefukuzwa kwa mawe, ameitwa boga na chura katika mlima mzima, na yote hayo alijua kuyapokea, jioni akarudi. Hili hakujua afanye nalo nini. Akainuka, akaikunja ile kaniki niliyokuwa namfunika, akaikunja vibaya, akaiweka juu ya jiwe.

Akapita kati ya migomba, akafika mferejini, akauruka, ingawa siku zote alikuwa akiingia ndani. Nilisimama na ufagio mkononi. Watu wengi wakifika pale kwenye kona hugeuka kukutazama mara moja kabla njia haijawameza. Yeye hakugeuka, aliendelea kwenda juu kwa mwendo ule ule wa kila siku, mzito, wa mtu mwenye nyonga, na sikumwona tena.